Uinjinia wa studio Arusha na Moshi: maswali ambayo vijana wanauliza kila wakati

Maswali haya yametoka kwa vijana wanaopita studio jioni, wanaotuma ujumbe wa WhatsApp usiku wa manane, na wazazi wachache waliokuja kuuliza wenyewe. Ninafanya kazi hii Arusha na kushuka Moshi mara kwa mara, na majibu nimeyaandika kwa kufuata hali ya huku.

Prodyuza na injinia wa sauti si mtu yuleyule?

Kwetu mara nyingi ni yuleyule, maana studio nzima ina mtu mmoja. Ila kazi ni mbili. Prodyuza anaamua wimbo uweje: biti, ufunguo, mpangilio, kiitikio kiingie wapi. Injinia anahakikisha kilichoimbwa kimeingia kwenye mashine kikiwa safi, kisha anakimiksi, yaani anapanga sauti zote zikae pamoja, hadi msikilizaji asikie kila neno. Kanisani na kwenye bendi huyu wa pili huitwa fundi mitambo.

Ukiniuliza uanze na ipi, nakwambia uinjinia, tena uinjinia wa kurekodi watu. Watengeneza biti tunao wa kutosha, kuanzia mtaa wa Sakina hadi Unga Limited hapa Arusha. Lakini mtu anayeweza kurekodi gitaa kavu, ngoma ya asili au watu arobaini wakiimba pamoja bila kuharibu kitu, huyo anatafutwa kwa tochi. Karibu majibu yote hapa chini yanatoka kwenye imani hiyo.

Ni lazima nihamie Dar es Salaam?

Hapana. Nenda ukajifunze, kaa miezi kadhaa ukipata mtu wa kukushika mkono, lakini usidhani huku hakuna kazi. Mji huu umetoa muziki muda mrefu. Akina Kinyonga, waliokuja kujulikana kama Simba Wanyika, walipita hapa wakiwa na Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya mwaka 1971. X Plastaz walichanganya kuchana na sauti za Kimaasai hadi wakasikika Ulaya. Nako 2 Nako na Weusi wametoka kwenye vijiwe hivi hivi vya Chuga, yaani Arusha.

Angalia kosa moja ambalo machalii wengi hulifanya: wanafungua studio wakingoja staa wa bongo fleva awabishie hodi. Staa anaishi Dar na ana prodyuza wake. Wakati huo kwaya za KKKT, Wakatoliki, Wasabato na Wapentekoste zinatafuta mtu wa kurekodi albamu. Kampuni za utalii zinataka sauti ya msimulizi kwenye video zao. Kituo cha mikutano cha AICC na hoteli zina mikutano inayohitaji mafundi wa maiki na vifaa vya tafsiri, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa hapa. Redio za mkoa zinahitaji matangazo. Mashirika yanayotoa elimu ya afya au kilimo yanataka ujumbe kwa Kimaa, Kimeru au Kichaga, na hiyo kazi haiwezi kufanyiwa Dar kirahisi kwa sababu wasemaji wako huku.

Tena kwa barabara Nairobi iko karibu nasi kuliko Dar. Ukipita Namanga asubuhi, mchana umefika, na studio za kule zina utaratibu mzuri wa kazi unaofaa kuuona kwa macho.

Nisome wapi?

Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River katikati ya Arusha na Moshi, kina shahada ya muziki. Nje ya mkoa kuna TaSUBa, zamani ikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kule Zanzibar. Ukiwa na uwezo wa kwenda, nenda. Utajua nota, utajua nadharia, utakutana na wapigaji.

Lakini kama hela ni ndogo, mimi ningemshauri kijana asome kozi fupi ya umeme au elektroniki VETA, kisha ajiunge na kanisa au bendi yenye mitambo yake akakunje nyaya kila Jumapili. Kuchomelea waya uliokatika, kupima waya kwa mita, kujua kwa nini spika zinanguruma: haya yatakulipa kabla hujajua kumiksi. Huyo anayekunja nyaya vizuri ndiye huitwa kazi nyingine.

Nina kompyuta na akiba kidogo. Ninunue nini kwanza?

Kwa mpangilio huu: kadi ya sauti ya nje (ile inayoingiza maiki kwenye kompyuta) yenye matundu mawili ya maiki, hedifoni nzuri zinazoziba masikio, maiki moja, stendi imara, kichujio cha pumzi. Spika za monita zije baadaye, chumba kikiwa tayari.

Kwenye maiki watu hubishana sana. Wengi hukimbilia maiki ya kondensa kwa sababu wameiona kwenye video. Kondensa ni nzuri, inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi, na inasikia kila kitu, pamoja na bodaboda ya nje, jogoo wa jirani na mwangwi wa ukuta wako. Kama chumba chako ni tupu, maiki ya dainamiki itakupa sauti safi zaidi. Shure SM58 ipo sokoni tangu 1966 na bado watu wanarekodi nayo. Ila jihadhari, feki zake ni nyingi mno madukani na mitandaoni. Nenda na kadi yako, ijaribu kabla ya kulipa, na bei ikiwa ndogo kupita kiasi basi ujue unachouziwa.

Usikope kwa mtu binafsi ili kununua vifaa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vikundi vya vijana. Kamuulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Mna prodyuza, mpiga picha na mtengeneza video? Hicho tayari kinaweza kuwa kikundi.

Trei za mayai zinazuia sauti?

Haziwezi. Nitalieleza hili kwa kirefu maana hela nyingi inapotea hapa.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuzuia sauti isitoke wala isiingie. Hilo linahitaji uzito na kuziba: ukuta wa tofali, mlango mzito wa mbao, mpira kwenye kingo zote za mlango, dirisha la vioo viwili. Trei ya karatasi haina uzito wowote. La pili ni kupunguza mwangwi wa ndani. Hapa trei inagusa kidogo sauti za juu, zile za "s" na "t", huku besi ikibaki ikizunguka chumbani. Matokeo yake voko, yaani sauti ya mwimbaji, inasikika kama mtu anaongea ndani ya boksi. Halafu trei zinashika moto haraka, na studio imejaa nyaya.

Besi ndiyo adui wa vyumba vyetu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Chumba chenye upana wa mita 3 kitavimbisha besi kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 57 hivi, kwa sababu wimbi hilo linajikunja sawasawa kati ya kuta mbili. Hapo ndipo kick (ngoma kubwa ya mguu) na gitaa la besi vinakaa. Ukimiksi humo utadhani besi imezidi, utaipunguza, kisha ngoma ikipigwa kwenye gari inakuwa nyembamba. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi maana pande mbili zinavimbisha mahali pamoja. Ukiweza kuchagua, chukua chumba cha mstatili, kaa ukitazama ukuta mfupi, na usikae katikati kabisa ya chumba.

Dawa yake: pamba ya madini, ile inayofungiwa mabomba ya mvuke viwandani. Itengenezee fremu za mbao, ifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa, unene wa sentimita 10 au zaidi, na uanze na kona. Vaa glavu na ufunike pua unapoikata. Kama bado huna uwezo huo, nenda soko la Kilombero hapa Arusha au Memorial ya Moshi ukanunue mablanketi na maduveti mazito ya mitumba. Yatundike nyuma na pembeni ya mwimbaji, yakiacha nafasi kidogo kutoka ukutani. Kabati lililojaa nguo, likiwa wazi nyuma ya mwimbaji, linafanya kazi vizuri sana, na wala sitanii.

Kisha kuna bati. Masika ya Machi hadi Mei yakianza, mvua ikipiga kwenye bati huna kikao cha voko. Dari la jipsamu lenye pamba juu yake linasaidia, lakini mvua kubwa bado itasikika. Panga kazi za voko na kwaya kabla ya masika, na miezi hiyo ifanye ya kumiksi. Moshi kuna tatizo la ziada la joto: mtu hawezi kuimba chumba kikiwa kimefungwa, na feni ikiwashwa inasikika. Poza chumba kabla, zima, rekodi vipande vifupi, fungua mlango mpumue.

Umeme ukikatika?

Weka UPS (betri ya akiba) kwa kompyuta na kadi, na laptop iwe na betri inayofanya kazi kweli. Hifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Mngurumo wa chini usioisha, ule wa hezi 50, mara nyingi unatoka kwenye nyumba isiyo na ethi (waya wa ardhini) au vifaa vilivyochomekwa kwenye soketi tofauti. Mwite fundi umeme apime ethi. Usikate pini ya ethi kwenye plagi eti kelele iishe: itaisha, na siku moja mwimbaji atashika maiki yenye umeme.

Programu ipi ya kurekodi na kumiksi ni bora?

Unayoijua. Prodyuza wengi wa bongo fleva walikulia kwenye FL Studio na Cubase. Kwa kurekodi watu wengi kwa pamoja mimi napenda Reaper: ni nyepesi kwa kompyuta dhaifu, unaijaribu siku 60, na leseni yake kwa mtu mdogo ni dola 60. Achana na programu za wizi. Zinaleta virusi, zinafunga kazi katikati, na huwezi kuliomba shirika likuamini wakati mashine yako inaonyesha alama ya wizi kwenye skrini.

Nirekodi kwa kiwango gani?

Biti 24 (hapa biti ni kipimo cha ubora wa kurekodi, si mdundo). Kilohezi 44.1 kwa muziki, 48 kama itaenda kwenye video. Vilele vya sauti kwenye mita ya programu vibaki kati ya desibeli −18 na −10, usikimbilie juu. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudishwi na programu yoyote kwa uhakika. Ukimaliza, usiminye ngoma hadi ikose pumzi: Spotify husawazisha nyimbo karibu na LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ukelele wako wa ziada utashushwa tu.

Kwaya imeniita kanisani kwao. Nifanyeje?

Hongera, hii ndiyo kazi itakayokufundisha kuliko zote.

Nenda siku moja kabla. Ingia, wasalimie wazee kwa shikamoo, mtafute mwalimu wa kwaya. Yeye ndiye bosi wa siku hiyo, na wewe ni mgeni wake. Simama katikati ya kanisa upige kofi moja kwa nguvu, usikilize mwangwi unakwisha baada ya muda gani. Kanisa la dari refu na sakafu ya terazo litabaki likiita. Muulize mwalimu wanaimba nyimbo ngapi, nani anaongoza, kinanda ni cha aina gani, na kama wanacheza.

Swali la kucheza ni muhimu. Kwaya zetu hazisimami kama mlingoti. Watu arobaini wakipiga hatua kwa viatu kwenye terazo, rekodi yako itakuwa na mlio wa soli kwenye kila pigo. Omba mkeka au zulia la altareni, au waombe wavue viatu. Kina mama hukubali haraka, kwa vijana wa besi itabidi ubembeleze.

Siku yenyewe fika mapema. Zima feni, zima friji ya ofisi ya mchungaji, kusanya simu zote kwenye kikapu. Weka kondensa mbili zinazofanana kwenye stendi moja ndefu, kama mita mbili na nusu au tatu kutoka sakafuni, mita mbili hadi tatu mbele ya safu ya kwanza. Zitenganishe vichwa kwa sentimita 17 na kuzifungua kwa nyuzi 110. Mpangilio huo unaitwa ORTF, ulitokana na shirika la utangazaji la Ufaransa, na unakupa upana wa kwaya kama unavyosikika ukiwa umekaa benchi la mbele. Soprano na alto mbele, tenori na besi nyuma juu ya ngazi. Mwimbaji kiongozi mpe dainamiki yake. Kinanda kiingie moja kwa moja kwa waya, na spika yake iwe chini kabisa, inatosha wasipoteze ufunguo.

Sikiliza kwa hedifoni ukiwa umesimama mahali pa maiki. Kama soprano mmoja anawazidi wenzake, usimwambie apunguze mbele ya watu. Mnong'oneze mwalimu, atamsogeza nyuma hatua mbili. Rekodi hata wanapojiandaa. Mara nyingi wimbo mzuri kuliko yote ni ule walioimba wakidhani bado wanajaribu, kabla mtu hajakaza shingo.

Na ukimaliza kila wimbo, wasikilizishe. Wakikubali wao, umeshinda nusu ya kazi ya kumiksi.

Nitoze shilingi ngapi?

Usiangalie jirani anatoza ngapi, fanya hesabu. Tuseme unataka kubaki na 600,000 kwa mwezi, na pango, umeme, vocha na usafiri ni 300,000. Unahitaji 900,000. Saa zinazolipwa kweli haziwezi kuwa zote za mwezi, tuseme 90. Basi saa moja ni 10,000. Wimbo unaochukua saa tatu kurekodi, tano kumiksi na moja ya masta (hatua ya mwisho ya kukamilisha sauti) ni 90,000. Sasa ukisikia mtu anafanya kwa 20,000, utajua anafanya kazi kwa hasara au kwa haraka.

Chukua nusu kabla ya kuanza. Mpe mteja nakala ya mp3 yenye sauti ya alama ya studio asikilize, na faili kamili la WAV litoke malipo yakikamilika. Mwambie hivyo tangu siku ya kwanza, kwa heshima, tena kwa maandishi. Washikaji ndio watakaokusumbua zaidi. Kwa mshikaji punguza bei ukipenda, lakini utaratibu uwe uleule.

Vibali na haki za kazi je?

Chukua TIN TRA, sajili jina la biashara BRELA, na upate leseni halmashauri. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, ndilo linalosajili wasanii na shughuli za sanaa, kwa hiyo pita kwa afisa utamaduni wa wilaya akuelekeze. Kazi zako zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Fikiria muda huo kabla ya kuuza biti kwa maneno ya mdomo. Andikeni karatasi moja ya kawaida: nani katunga mashairi, nani katengeneza mdundo, nani kalipia kurekodi, mapato ya mtandaoni yatagawanywa vipi, na jina lako kama injinia litaandikwa wapi. Wote wasaini siku ileile, wimbo ukiwa bado haujulikani. Ukishapata wasikilizaji, kila mtu atakumbuka mazungumzo kwa namna yake.

Mimi ni msichana. Kuna nafasi?

Ipo, na tunawahitaji. Kwaya zilizojaa kina mama, watoto wa shule, wasimulizi wa kike: wengi wangependa kufanya kazi na dada anayewaelewa. Ugumu upo, sitauficha. Studio nyingi hufanya kazi usiku katika chumba kilichofungwa, na wapo wanaume wanaoitumia hali hiyo vibaya. Unapochagua mahali pa kujifunza, angalia kama kuna kazi za mchana, kama mlango una kioo, na kama wanawake wengine wanaingia na kutoka kwa amani. Mahali ambapo anayekufundisha anadai kitu kingine zaidi ya kazi, ondoka siku hiyohiyo. Utapata pengine.

Kwa wenye studio: wekeni hicho kioo mlangoni.

Mzee wangu anasema hii si kazi.

Mlete studio siku ambayo kuna kwaya au tangazo la redio. Mwonyeshe daftari la mapato na matumizi. Wazazi wengi wanaogopa usiku, pombe na bangi zaidi ya muziki wenyewe, kwa hiyo ukifunga saa mbili usiku na kuamka kama watu wengine, mazungumzo yatabadilika.

Masikio yanauma baada ya kazi. Ni kawaida?

Si kawaida, acha leo. Kwenye desibeli 85 sikio linavumilia saa nane kwa siku, na kila unapoongeza desibeli tatu muda unakatika nusu. Kwenye 94 una saa moja, kwenye 100 una robo saa tu. Miksi kwa sauti ambayo unaweza kuongea na mtu bila kupaza. Kila baada ya saa moja toka nje dakika kumi. Ukifanya kazi za jukwaani beba vizibo vya masikio. Mlio ukibaki sikioni zaidi ya siku mbili, nenda hospitali ukaonane na daktari wa masikio, KCMC wanao.

Nitunze mafaili ya wateja kwa muda gani?

Muda mrefu kuliko unavyodhani. Kwaya hurudi kwenye jubilei yao wakitaka nyimbo za zamani bila voko, au mwimbaji mmoja amefariki na familia inataka sauti yake. Weka nakala tatu: kompyuta, diski ya nje ya studio, na nyingine inayokaa nyumbani au mtandaoni. Jina la folda liwe na mwaka, mwezi, mteja na wimbo. Usihifadhi faili la programu peke yake, maana toleo jipya linaweza kukataa kulifungua. Toa kila chaneli kama WAV inayoanzia sekunde ya kwanza. Andika kwenye folda hiyo kasi ya wimbo, ufunguo, na majina ya wote walioimba na kupiga. Chomeka diski hizo kila baada ya miezi sita uone kama bado zinasoma, na ile inayoanza kutoa mlio wa kugongagonga, hamisha vilivyomo siku hiyohiyo.